Ile "vita ya Batetela" ilikuwa ya nani kweli?

Wiki hii nilikuwa kwenye kilio kule Katuba, hapa Lubumbashi, tumekaa chini ya turubai, moto unawaka, na kama kawaida usiku wa kilio ukirefuka watu wanatoka kwenye habari za marehemu wanaingia siasa. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya juu: "Batetela beko vile toka zamani, ni bantu ya kuasi, hata ku Force Publique ni bo balianzaka kuua bazungu." Alisema juu ya uasi wa basoda wa 1895 hadi 1900, ule unaoitwa "vita ya Batetela", na Batetela leo ni jina la kabila la Sankuru. Wengine wakaitikia. Mzee mmoja aliyekuwa soda (askari) zamani akamwangalia tu, hakusema kitu. Mimi pia sikusema, sababu jambo lenyewe halijibiki kwa sentensi moja, lakini nimerudi nyumbani limenikaa kichwani na leo nataka kulifungua polepole, manake haya maneno yanarudiwa sana siku hizi, kwenye bus, kwenye simu, hata kwa watu waliosoma vizuri.

Tuanze na majina, hapo ndo mchafuko wote unaanzia.

Kwanza Leta, yaani l'État, serikali. Mwaka 1885 nchi yetu haikuwa koloni la Ubelgiji, hili watu wengi hawalijui. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II, ni kama parseli (kiwanja) ambayo karatasi zake zimeandikwa jina la baba peke yake, si la familia. Ubelgiji kama nchi ilikuja kuichukua mwaka 1908, na yule Leopold mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Kwa hiyo miaka tunayoizungumzia hapa, kuanzia 1895 hadi 1900, aliyetawala ni Leta ya Leopold, yule wazee walimwita Bula Matari. Maofisa wake walitoka Ubelgiji lakini pia Sweden, Norway, Denmark, Italia, yeyote aliyetaka kazi.

Pili Force Publique. Ni jeshi la hiyo Leta, lilianza miaka ya 1885 na 1886. Wakubwa wote wazungu, basoda wote weusi. Mwanzoni Leta ilileta watu wa Zanzibar na Wahausa wa Afrika ya magharibi kwa mkataba, ilikuwa gharama sana, baadaye wakaona ni rahisi kuchukua watu wa hapahapa. Wanachukuaje? Chifu anaambiwa toa vijana kadhaa, na chifu hatoi mtoto wake, anatoa mtumwa, anatoa yatima, anatoa yule msumbufu wa kijiji. Wengine walikuwa watumwa "waliookolewa" kwa Waarabu, halafu huo uhuru wao wakaulipia kwa miaka mingi ya jeshi. Hata watoto walikusanywa kwenye kambi maalumu wakue wawe basoda. Tukisema "soda wa mkoloni" tusifikirie kijana aliyeenda kujiandikisha na furaha, wapo waliofanya hivyo ndiyo, lakini wengi walifika na kamba shingoni.

Tatu neno lenyewe la uasi wa kijeshi, kwa Kifaransa wanasema mutinerie. Huu si mgomo na si vita ya kabila. Fikiria tajiri mwenye bus kumi hapa mjini, madereva hawalipwi, wanatukanwa, mmoja kapigwa mbele ya watoto wake. Wakigoma wataweka funguo mezani na kurudi nyumbani. Uasi wa soda ni pale dereva anapokataa amri lakini anabaki na funguo na bus yenyewe, sababu akiirudisha tu amekwisha. Soda aliyempiga risasi mkubwa wake hana tena mahali pa kurudi, na hili ndo linaeleza kwa nini hawa watu walitembea miaka na miaka bila kusimama.

Sasa tuingie kwenye habari yenyewe, na inaanza na mtu mmoja, Ngongo Leteta.

Ngongo Leteta alikuwa mkuu wa vita mwenye nguvu kule Lomami, makao yake yalikuwa Ngandu. Alikuwa chini ya Tippu Tip na watu wake, wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka upande wa Zanzibar. Kazi yake ilikuwa kuvamia vijiji, kuteka watu, kukusanya pembe. Sitamsafisha, alikuwa mkali sana na watu wa Kasai na Sankuru waliteseka mikononi mwake. Jeshi lake lilikusanya watu kutoka kila upande, Wasonge, Wakusu, Watetela, Waluba na wengine, vijana wengi walitekwa wadogo wakakulia kwake, wakawa watu wa Ngongo na si watu wa kijiji fulani tena. Ushike hapo, tutarudi.

Mwaka 1892 Francis Dhanis, ofisa wa Leta, akampiga Ngongo vitani, na Ngongo akaona upepo umegeuka akahamia upande wa Leta pamoja na watu wake wote. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akadai arudishiwe mtu wake, Leta ikakataa, vita ikawaka. Ile vita tuliyofundishwa shuleni kwamba wazungu waliwashinda Waarabu na kumaliza utumwa, Nyangwe ikaanguka mwezi wa tatu 1893 na Kasongo mwezi wa nne, ile vita kwa sehemu kubwa ilipiganwa na watu wa Ngongo. Wazungu walikuwa wachache sana. Bila wale watu wa Lomami, wanaojua njia na wanaojua namna Waarabu wanavyopigana, sioni Dhanis angefika wapi.

Na malipo yake? Tarehe 15 mwezi wa tisa 1893, pale pale Ngandu, Ngongo Leteta akapigwa risasi. Maofisa wadogo waliokuwa kituoni walimshtaki kwamba anapanga kuisaliti Leta, wakakaa baraza la kijeshi, wakamhukumu, wakamuua. Dhanis alikuwa Kasongo, aliposikia akamtuma daktari Mwingereza aliyekuwa naye, Hinde, akimbie kuzuia, Hinde akafika siku mbili imekwisha kuwa kaburi. Maofisa wengine wa Leta wenyewe waliona ni kosa kubwa, wakaliandika.

Jiweke kwenye nafasi ya wale vijana. Mkubwa wenu aliwahamisha toka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine, mkapigana, mkashinda, halafu yule bwana mpya anamuua mkubwa wenu kwa neno la watu ambao hata hawajakaa mwaka mahali pale. Na baada ya hapo mnavishwa nguo za jeshi mnapelekwa mbali.

Waliopelekwa Luluabourg, Kananga ya leo, walikuwa kwenye kituo cha Malandji. Luluabourg ilianzishwa na Mjerumani Wissmann mwaka 1884 na ilikuwa moja ya kambi kubwa za Leta katikati ya nchi. Mkubwa wa kambi alikuwa kapiteni Mathieu Pelzer, mtu wa fimbo. Hapa lugha yetu yenyewe ni shahidi: kiboko ni mnyama wa mtoni na kiboko ni fimbo, sababu ile fimbo ilikatwa kwenye ngozi ya yule mnyama, ikakaushwa, ikasokotwa hadi kingo zake zinachana nyama. Soda alipigwa kiboko kwa kuchelewa, kwa kifungo cha nguo, kwa jicho tu. Ongeza mshahara usiofika, posho haba, wanawake wa basoda kuguswa na wakubwa, na juu ya yote kifo cha Ngongo ambacho hakuna aliyekisahau.

Tarehe 4 mwezi wa saba 1895 ikalipuka. Mmoja wa walioongoza ni serja (sajenti) Kandolo. Mtu anaposikia "waasi" anafikiria watu wa porini wenye mikuki, lakini huyu ni serja, ndiye anayewapanga wenzake asubuhi, ndiye anayebeba amri ya mzungu kuipeleka kwa soda, anajua funguo ya stoo ya silaha iko wapi na anajua risasi ni ngapi. Jeshi lolote linasimama juu ya watu kama Kandolo. Mzungu mmoja na basoda mia, katikati yao kuna serja, na siku serja anapoamua kuwa upande wa chini mzungu anabaki peke yake na sauti yake. Pelzer akauawa, silaha zikachukuliwa, na wale watu wakaondoka wakielekea mashariki, upande wa Lomami, upande wa Ngandu. Walikuwa wanarudi kwao. Kituo baada ya kituo kilianguka, na basoda wengine waliowekwa njiani wawazuie waliona wanaokuja ni ndugu zao wakajiunga.

Leta ilishtuka sana. Ilimtuma Hubert Lothaire, yule yule ambaye mwezi wa kwanza mwaka huo huo alimnyonga mfanyabiashara Charles Stokes bila haki ya rufaa hadi Uingereza ikapiga kelele. Walipigana mwezi wa kumi 1895 na nguvu kubwa ya waasi ikavunjika, lakini hawakuisha. Vikundi vilishuka kusini, vikaingia huku kwetu Katanga upande wa maziwa ya Lualaba, vikafanya biashara na Waovimbundu wa Angola, pembe na watu kwa bunduki na baruti, na Leta ikaendelea kuwafukuza hadi miaka ya kwanza ya 1900. Kwa hiyo nkambo (babu) wa mtu wa Bukama au Malemba akikuambia "tuliwaona waasi" hasemi uongo, walifika. Na hasemi kwamba walifika kama wakombozi, hilo nalo tulikubali.

Kosa moja kubwa ninalolisikia ni kuchanganya mambo matatu kuwa moja. Kulikuwa na uasi wa 1895 Luluabourg, uasi wa 1897 kaskazini mashariki, na uasi wa 1900 kule Boma. Anayechoma makala (makaa) anajua hii: unafunika tanuru na udongo, unaona moshi umepungua, unasema moto umelala, kumbe ndani unakula gogo hadi gogo, kesho unatokea upande mwingine kabisa ambako hukutazama. Moto ni ule ule, mashimo ni matatu.

Shimo la pili ndo kubwa kuliko yote. Mwaka 1896 Leopold alitaka kufika Nile. Alikuwa na tamaa ya Sudan ya kusini, lakini hakutaka ulimwengu ujue mapema, basi Dhanis, sasa ameshapewa cheo cha baron kwa ushindi wa vita ya Waarabu, akapewa msafara mkubwa wa maelfu ya watu kutoka Stanleyville, Kisangani ya leo, apite kwenye msitu wa Ituri. Na ni nani walioingizwa wengi kwenye huo msafara? Watu wa Ngongo Leteta na ndugu zao. Wale wale. Mimi nikisoma hapa huwa nasimama kidogo, sababu mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Luluabourg.

Msitu ule ulikuwa hauna chakula cha kulisha maelfu. Basoda wa wakati ule walitembea na wake zao na watoto, mwanamke ndiye anayebeba sufuria na mtoto na mzigo wa mume, anatafuta muhogo kijijini ambako watu wameshakimbia na mashamba yameshaliwa na kikosi kilichotangulia. Mvua, matope, watu wanaanguka njiani wanaachwa. Anayechelewa anapigwa, anayetoroka anauawa. Tarehe 14 mwezi wa pili 1897, mahali panaitwa Ndirfi, karibu wafike, kikosi cha mbele chini ya kapiteni Leroi kikageuka. Leroi na wazungu wengine wakauawa. Siku tatu baadaye msafara mwingine wa Leta chini ya Chaltin, uliopita njia nyingine, ukaiteka Redjaf kwenye Nile, kwa hiyo Leopold alipata kipande alichotaka, lakini lile jeshi kubwa alilotegemea likawa sasa linamtazama yeye.

Dhanis alikuwa nyuma na kikosi kikuu. Akajaribu kuwazuia, wakakutana Ekwanga mwezi wa tatu, basoda wake wakamwacha, wengine wakavuka kwenda kwa ndugu zao, kaka yake mwenyewe akafa, na yeye akarudi Stanleyville akiwa na mabaki. Waasi wakawa na nchi nzima mbele yao. Mmoja wa wakubwa waliowachagua aliitwa Mulamba.

Padri Achte, wa wale mapadri wanaovaa kanzu nyeupe, aliangukia mikononi mwao na akatoka mzima. Walikaa naye wakamweleza kwa nini. Walimhesabia fimbo, walimhesabia wenzao waliopigwa risasi kwa kosa la kazi, walimwambia chuki wameibeba miaka mitatu kifuani bila kuitoa. Miaka mitatu, ukihesabu kurudi nyuma, unafika karibu na kaburi la Ngandu. Wakamwambia pia wanataka nchi yao wenyewe ambayo mzungu hatawali. Watu wanaosema wale walikuwa kundi tu la wezi lisilojua linataka nini wangeanzia hapo.

Waliteremka hivyo, Semliki, ukingo wa msitu, milima ya Kivu, hadi bonde la Ruzizi na Tanganyika. Josué Henry aliwapiga vibaya kwenye mto Lindi mwezi wa saba 1897, lakini sehemu nyingine iliendelea, na mwezi wa kumi na moja 1898 wakaiteka hata Kabambare kule Maniema. Ndugu zangu wa Bukavu na Goma, hapa historia inaingia kwenye nyumba yenu: Leta ilipokuwa imebanwa na waasi, vituo vyake vya upande wa Ruzizi vilianguka au viliachwa, Wajerumani wakapata nafasi ya kusogea, na ule ugomvi wa mpaka wa Kivu ukavutwa hadi makubaliano ya 1910. Mpaka mnaovuka kila siku una alama ya basoda wale ndani yake. Mwaka 1900 waliobaki wakavuka Ruzizi wakatoa silaha kwa Wajerumani.

Kwa nini walishindwa? Nasikia watu wanasema walisalitiana, walikosa uchawi, na mengine. Jibu ni risasi. Bunduki yao ilikuwa Albini, na risasi za Albini zinatoka Ulaya, zinashuka Boma, zinapanda mto, zinaingia stoo ya Leta. Ukishakata na Leta, una bunduki nzuri kama simu nzuri bila mega za intaneti, unaiangalia tu. Kila kituo walichokiteka kiliwapa pumzi ya wiki kadhaa, halafu njaa ya risasi inarudi. Baruti ya Waovimbundu ilisaidia bunduki za zamani, kwa Albini haikufaa. Leta yenyewe iliweza kushindwa mara kumi na bado meli ikaleta masanduku mengine.

Shimo la tatu nalitaja haraka. Mwezi wa nne 1900 kwenye ngome ya Shinkakasa, Boma, makao makuu ya Leta wakati huo, basoda wakaikamata ngome na mizinga yake wakaanza kuipiga Boma yenyewe. Haikudumu, siku chache tu, lakini fikiria gavana anaamka mizinga aliyoiweka kulinda mto dhidi ya wazungu wengine sasa imegeuzwa midomo kwake.

Sasa turudi kwa yule kijana wa Katuba na lile jina.

"Batetela" kwenye ripoti za maofisa wa 1895 ilikuwa na maana ya watu wa Ngongo Leteta, basi. Aliyetoka Ngandu ni Mutetela, awe amezaliwa Musonge au Mukusu au Muluba. Mzungu aliyekaa nchini miezi sita haulizi mama yako ni nani, anaandika jina moja anafunga ripoti. Baadaye Ubelgiji ilipopanga mikoa na kabila, neno likapunguzwa likabaki la watu wa Sankuru, ndugu zao wa Maniema wakaitwa Wakusu, mpaka ukapita katikati, lakini jina la uasi halikugawanywa, likabaki lote limewekwa kichwani pa watu wa Sankuru ambao wengi wao mababu zao walikuwa kijijini wakilima na kuvamiwa na hao hao watu wa Ngongo. Ndo hapa mimi nakasirika. Lawama ilihamia kwa mtu mwingine kabisa. Na alipotokea Patrice Lumumba, aliyezaliwa Onalua mwaka 1925, wapinzani wake walikuwa na neno tayari, si huyo Mutetela, damu ya waasi. Neno la ripoti ya 1895 likafanya kazi ya siasa ya 1960.

Jina lilikuwa na faida nyingine kwa Leta. Ukisema ni Batetela, umesema ni tabia ya watu fulani, na tabia haina sababu. Hutaulizwa habari ya kiboko wala mshahara wala nani alimuua Ngongo. Ukisema ni basoda wako, itabidi ueleze umewafanya nini. Kule kule Lomami Lumpungu wa Kabinda, mkubwa wa Wasonge, alikuwa ameshikamana na Leta, na huku Wasonge wengine wako na Kandolo. Kabila moja, pande mbili. Hiyo peke yake ingetosha kufunga mjadala wa damu.

Na Leta yenyewe ilijua, usiangalie walichosema, angalia walichofanya. Baada ya hapo waliamua kila kikosi kichanganywe, watu wa kabila moja wasiwe wengi pamoja, soda wa Kasai apelekwe Equateur, wa Equateur aletwe Katanga, ili siku ya amri mbaya asiwe na uso anaoujua mbele yake. Lingala ikazidi kushika jeshini kama lugha ya amri, na hadi leo soda akisimama barabarani hapa Lubumbashi, mji wa Kiswahili, mara nyingi anaanza na Lingala. Mizizi yake ni kule.

Na mchanganyiko ulifanya kazi yake hapa hapa kwetu. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waligoma, wakitaka mshahara, maisha yamepanda bei kwa ajili ya vita. Tarehe 9 wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, gavana Maron akaja na basoda, na basoda wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, akafa pale na makumi ya watu wengine. Waliofyatua ni weusi kama waliokufa. Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, tarehe 20 mwezi wa pili 1944, basoda wa jeshi lile lile wakaasi, wapi? Luluabourg tena. Safari hii kulikuwa na uvumi kwamba sindano ya chanjo ni ya kuwaua, lakini chini ya uvumi kulikuwa na uchovu wa vita, kazi za nguvu, ubaguzi, mishahara. Na tarehe 5 mwezi wa saba 1960, siku tano baada ya uhuru, generali Janssens, mkubwa wa Force Publique, akawaandikia basoda ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa, jioni kambi ya Thysville ikawaka, na siku nne baadaye moto ukafika Camp Massart hapa mjini, Camp Vangu ya leo, na Tshombe, mkubwa wa Katanga, akatangaza Katanga kujitenga tarehe 11. Nani atasema hao wote ni Batetela?

Swali gumu ambalo sitalikwepa: hawa wa 1895 na 1897 tuwaite mashujaa? Wako wanaotaka iwe ndiyo bila lakini. Mimi naona waliwapiga watu waliostahili kupigwa, walikataa fimbo, walithubutu kusema nchi bila bwana mzungu miaka sitini na zaidi kabla ya uhuru, na hakuna jeshi lingine la ndani lililoitikisa Leta ya Leopold kama wao. Lakini jeshi la maelfu linalotembea bila stoo linakula nini? Linakula shamba la mama fulani wa Kivu, linabeba binti yake, linachukua mbuzi wake wa mwisho. Mama yule hakujali kama aliyemnyang'anya ametumwa na Bula Matari au amemkimbia Bula Matari. Walikuwa wamefundishwa kuishi hivyo na Ngongo, halafu Leta ikawafundisha tena hivyo hivyo kwa nguo mpya. Waligeuza bunduki upande, mkono uliobaki ulikuwa ule ule. Mambo yote mawili ni kweli na mimi siwezi kufuta moja ili lingine ling'ae.

Siku ya kutoa kilio nilimkuta tena yule kijana, tukakaa, nikamwelezea haya karibu yote, yule mzee soda naye kasogeza kiti. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema baba yake alizaliwa Kabinda, bo ni Basonge, lakini yeye ni mtoto wa hapa hapa Lubumbashi. Akanyamaza kidogo halafu akauliza: "Sasa na bankambo betu balikuwaka mule?"

Mzee ndiye aliyemjibu, nilikuwa bado sijafungua mdomo. "Balikuwa mule," akasema, "pande zote mbili."